Machungwa Yaliyobaki na Mayai Mawili ya Jirani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mama mmoja wa Endebess mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mabinti, na nyinyi vijana wa kiume mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Nimeambiwa nizungumze juu ya upishi, na tayari naona wengine wanatafuta viatu. Kaeni. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi jiko si aibu kwa mwanamume, na leo nitawapa kazi ya kupiga mayai, kazi inayotaka mkono wenye nguvu.

Mada yangu ni pai ya machungwa na ndimu, ile yenye povu jeupe la mayai juu yake. Tutaipika kwa matunda yaliyobaki baada ya futari. Lakini kabla ya kuwapa vipimo nina kisa cha kuwaeleza, na kisa chenyewe kinaniumbua mimi mwenyewe.

KINACHOBAKI MEZANI

Tuseme ukweli. Mwezi huu tunafunga mchana, halafu magharibi tunapakua kama watu wa harusi. Uji upo, sambusa zipo, viazi karai vipo, na sahani ya matunda lazima. Tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri linajaa upesi, kwa hiyo matunda yanaguswa kidogo tu. Machungwa yamekatwa, vipande vitano vimeliwa, kumi vimebaki. Ndimu imekamuliwa nusu, nusu nyingine inakauka pale kwenye kisahani. Asubuhi vyote vinakwenda shimoni.

Wazee walisema akiba haiozi. Sawa, lakini chungwa linaoza. Na katika Surat Al-A'raf tumeamrishwa tule na tunywe, na papo hapo tukakatazwa kufanya israfu. Amri hizo mbili zimekuja pamoja, hatuwezi kushika moja na kuacha nyenzake.

Tena matunda haya ya jamii ya ndimu si wageni kwetu sisi Waislamu. Mtume (SAW) alimfananisha muumini anayesoma Qur'ani na utrujja, tunda la jamii ya limau lenye ngozi nene, kwa kuwa harufu yake ni nzuri na ladha yake ni nzuri. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa aliona huko migomba, milimau na miti ya utrujja. Yaani karibu miaka mia saba iliyopita mtu wa Moroko alikuta ndimu zimeshamea pwani yetu. Na Waislamu ndio walioieneza milimau na michungwa mikali hadi Hispania na Sisilia. Kwa hiyo unapotupa ndimu, jua unatupa kitu chenye historia ndefu.

Hata haya machungwa yanayotoka Uganda na kuuzwa sokoni Kitale, ambayo watoto huyakataa kwa sababu ngozi yake ni ya kijani, hayana kosa. Chungwa hugeuka kuwa la manjano likipata baridi ya usiku. Katika nchi ya joto linaweza kuiva na kuwa tamu huku ngozi ikiwa bado kijani. Usilitupe kwa rangi.

KISA CHANGU

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, mwezi wa tano, mvua za Trans Nzoia zimekolea na barabara ni tope tupu. Mawifi na mashemeji zangu walikuwa wanakuja kufuturu kutoka Bungoma. Mnajua mwanamke akitembelewa na mawifi anakuwaje. Nilikuwa na machungwa na ndimu zilizobaki tangu juzi yake, na nilikuwa nimekata karatasi ya mapishi kutoka gazeti moja, ina picha ya pai yenye povu la rangi ya dhahabu. Nikasema leo watanijua.

Nilikuwa na mayai manane. Pai mbili zilitaka sita.

Baada ya Alasiri mjukuu wa jirani yangu akabisha. Jirani huyu ni bibi wa Kibukusu, Mkristo, mjane, anayeishi kwa kulima vibarua na kufuga kuku wachache. Sote tunamwita Kukhu, kama wajukuu wake wanavyomwita. Mtoto akasalimia vizuri, akasema, "Mama, Kukhu anaomba mayai mawili. Kuku wetu wakitaga atarudisha."

Wanangu, nilihesabu haraka. Nikifanya makosa nitahitaji yale mawili ya ziada. Nikamjibu, "Mwambie Kukhu pole, mayai yamekwisha."

Nilikuwa nimeyafunika kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kifupi. Mtoto aliyaona. Hakusema neno, alisema tu "asante mama" akaondoka kwenye mvua.

Nikaendelea na pai zangu. Nilichelewa, adhana inakaribia, nikapika kwa papara. Mchuzi wa machungwa ulipoonekana mzito nikatia viini, nikakoroga mara mbili, nikaondoa motoni. Nikamimina, nikaweka povu, nikachoma. Zilitoka nzuri, wallahi, hata mimi nilizistaajabia. Tulipomaliza kuswali Magharibi nikaleta pai mbele ya mawifi, nikatia kisu, na maji yakatoka kama bomba limepasuka. Povu likateleza likaanguka upande. Wifi yangu mkubwa akasema kwa upole, "Hii inanyweka kwa kikombe au kwa kijiko?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku ule nilimwaga mayai sita shimoni gizani. Na mawili yalibaki pale chini ya kitambaa, sikuyahitaji.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimefunga siku nzima, kisha nikasema uongo saa moja kabla ya kufungua, kwa ajili ya sifa.

Asubuhi nilichukua yale mayai mawili nikaenda kwa Kukhu. Nilimwambia, "Kukhu, jana nilikudanganya. Nisamehe." Akanitazama, akasema, "Najua, mwanangu. Mtoto aliniambia. Nilitaka kumpikia dada yake, alikuwa ametoka hospitali hana hamu ya kula. Tulimpa uji." Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unapika nini kilichotaka mayai mengi hivyo?"

Nilipomweleza alianza kucheka. Akasema, "Hukuichemsha tena baada ya kutia viini."

Nikashangaa. Kukhu, asiyekuwa na hata friji, anajuaje?

Kumbe baba yake alikuwa mpishi katika shamba la mlowezi mmoja hapa hapa Endebess kabla ya Uhuru. Nyinyi vijana mnasoma historia shuleni: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia mwaka 1919, serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu, na Trans Nzoia ikajaa walowezi. Reli ikafika Kitale katika miaka ya 1920. Wazungu wakaja na vyakula vyao, na waliovipika ni baba zetu na babu zetu. Pai hii ya limau ilikuwa mojawapo. Baba yake Kukhu aliipika miaka mingi kwenye jiko la kuni, na jioni akirudi kijijini aliwasimulia watoto wake hatua kwa hatua, kama watu wengine wanavyosimulia hadithi za sungura.

Nikamuuliza, "Ilikuwa tamu?"

Akasema, "Sijui. Sikuwahi kuila. Sisi baba alituletea maganda ya ndimu, mama akayatia kwenye chai."

NAMNA YA KUIPIKA

Basi Kukhu alikuja nyumbani kwangu siku ya pili tukapika pamoja. Haya ninayowapa leo ni yale ya baba yake, mimi nimeongeza vipimo tu. Tunahitaji vipimo kwa sababu tumefunga. Wanavyuoni wameruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi akihitaji, bila kumeza, lakini ukipima kwa kikombe huna haja ya kuonja kabisa.

Kwanza, matunda. Usiku ule ule baada ya futari, chagua vipande ambavyo hakuna aliyeviuma. Chungwa lenye ukungu usilichukue, hata kama upande mmoja ni mzima. Kamua machungwa upate maji theluthi mbili ya kikombe. Yatie kwenye sufuria pamoja na sukari robo tatu ya kikombe, chemsha, yapoe, funika. Maji ya ndimu theluthi ya kikombe weka mbali kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Machungwa matupu hayafai, pai itakuwa tamu ya kuchosha. Ndimu ndiyo inayoiamsha. Huku kwetu tunaita ndimu hata limau, yoyote itafaa. Na kama una pasheni, ambazo Trans Nzoia hatukosi, tia maji ya mbili tatu mahali pa chungwa moja.

Pili, kitako cha pai. Unga wa ngano vikombe viwili, margarini robo ya pakiti ya nusu kilo, chumvi kidogo. Sugua kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga, kisha tia maji baridi vijiko vitatu au vinne, kusanya bila kukanda sana. Huu si unga wa chapati. Ukiukanda utakuwa mgumu. Sukuma, tandaza juu ya sahani ya bati yenye kina, toboa kwa uma, weka karatasi na maharagwe makavu juu ili usivimbe. Maharagwe hayo yatunze kwa siku nyingine. Unga unaobaki pembeni wape watoto watengeneze biskuti.

Wengi hatuna ovena. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu kina cha vidole viwili, weka juu ya jiko la makaa ipate moto robo saa. Ingiza sahani, funika kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko weka makaa yanayowaka. Siri ni hii: makaa mengi juu, machache chini. Dakika ishirini na tano hivi, toa maharagwe, acha dakika tano zaidi kitako kikauke na kugeuka rangi.

Tatu, mchuzi wenyewe. Tia konflawa vijiko vinne vya chakula katika nusu kikombe ya maji baridi, koroga. Mabinti, nisikilizeni: konflawa ni ule wanga mweupe laini wa dukani, si unga wa ugali! Tuko kwenye nchi ya mahindi, najua yupo atakayechota kwenye gunia. Mimina kwenye yale maji ya machungwa yenye sukari, weka motoni, koroga bila kuacha mpaka yachemke na kuwa mazito.

Sasa tenga viini vitatu kwenye bakuli. Chota mchuzi wa moto kijiko kimoja kimoja utie kwenye viini huku ukikoroga, vizoee joto, visije vikaiva kama mayai ya kukaanga. Kisha rudisha vyote kwenye sufuria. Na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Rudisha motoni uchemke tena, utoe mapovu dakika mbili kamili. Kiini cha yai kina kitu ndani yake kinachokula wanga, kama mate yetu yanavyofanya tukitafuna mkate mpaka ukawa mtamu. Usipokiua kwa moto kitaendelea na kazi yake kimya kimya, na pai iliyokuwa nzito saa kumi na moja itakuwa maji ifikapo Magharibi. Sisi wa Endebess tunahitaji muda zaidi, kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana hata maharagwe yetu hukawia. Kwa hiyo haraka haraka haina baraka.

Ukishaondoa motoni ndipo utie maji ya ndimu, ngozi ya ndimu iliyokwanguliwa (ile ya rangi tu, nyeupe ya ndani ni chungu), na margarini kijiko kimoja. Ndimu ikichemka pamoja na wanga tangu mwanzo, ukali wake huuvunja wanga.

Nne, povu. Vijana wa kiume, amkeni. Ute wa mayai matatu kwenye bakuli safi, kavu, lisilo na hata tone la mafuta wala kiini. Tia matone mawili ya ndimu. Piga kwa kile chombo cha waya, na kama huna, shika uma mbili pamoja. Likianza kusimama, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja mpaka vijiko sita, na uendelee kupiga mpaka ling'ae na lisimame kama kilele. Mimina mchuzi ungali wa moto kwenye kitako, na papo hapo tandaza povu juu yake, liguse kingo pande zote. Mchuzi wa moto ndio unaoivisha povu kwa chini, na kingo ndizo zinazolizuia lisinywee. Rudisha kwenye sufuria ya mchanga, makaa mengi juu, dakika ishirini, mpaka liwe la rangi ya dhahabu. Tusile povu bichi, hasa wajawazito, watoto na wazee, kwani ute mbichi unaweza kuwa na vijidudu.

Kisha acha ipoe saa tatu. Kwa hiyo anza mara baada ya Adhuhuri, si baada ya Alasiri kama nilivyofanya. Na bila friji isilale, iliwe usiku ule ule.

HESABU YA UKWELI

Sasa wanangu, tuhesabu pamoja. Tunasema tunaokoa machungwa mawili matatu na ndimu mbili. Ili kuyaokoa tumetumia mayai matatu, robo ya margarini, sukari na makaa. Je, huko ni kuokoa? Mtu anaweza kuita kitu "mabaki" huku anajipikia anasa. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Niliogopa israfu ya machungwa, nikafanya israfu ya mayai, na jirani akakosa.

Kama nia ni kutotupa tu, basi kamua machungwa unywe, au mpelekee jirani yangali mazima kabla ya kuyakata. Hiyo ndiyo bora. Pai hii inakuwa halali ya moyo ukiikata vipande vinane na vitatu au vinne vikatoka nje ya mlango wako kabla wewe hujaketi. Na kabla hujavunja yai la kwanza, jiulize: nani karibu yangu anahitaji yai hili zaidi ya pai yangu? Jirani ana haki, na Mtume (SAW) hakusema jirani Mwislamu peke yake.

Siku ile tuliyopika na Kukhu, Magharibi ilipoingia tulifungua kwa tende na maji, tukaswali, yeye akatusubiri kwenye kochi. Nikamkatia kipande cha kwanza. Bibi yule, mwenye miaka sitini na kitu, alikijua chakula kile tangu utotoni hatua kwa hatua, na alikuwa hajawahi kukitia mdomoni. Alikula polepole. Hakusema ni tamu wala si tamu. Alisema tu, "Kumbe ndiyo hii." Kisha akaomba kipande ampelekee mjukuu.

Tangu mwaka ule, kila Ramadhani sahani moja inavuka ua kwenda kwake. Na mnajua desturi, sahani ya jirani hairudi tupu. Yake hurudi imeoshwa vizuri, na ndani yake mna mayai mawili. Nimemwambia mara nyingi, "Kukhu, usijisumbue." Hujibu, "Nilisema kuku wakitaga nitarudisha."

Kila nikiyapokea moyo wangu hushtuka kidogo, na naomba Allah aniachie mshtuko huo.

Tunamuomba Allah (SW) azikubali funga zetu, atusamehe uongo tunaousema kwa ajili ya sifa, na azifanye sahani zetu ziwe za kuvuka ua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.